Wanafunzi wa Kichina wanatuhusu nini sisi wa Kathonzweni?



Ijumaa iliyopita, tukiwa bado tunavaa viatu nje ya msikiti, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta kando. Ni mtu wa hapa hapa Kathonzweni, mkulima wa ndengu na mfugaji wa mbuzi wachache, na tangu nimjue hajawahi kuniomba kitu. Binti yake amepata nafasi ya kwenda kusoma China, karo yote imelipiwa. Mzee alikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, ukimwangalia usoni unaona. Akaniambia: "Maalim, nasikia nyinyi watu wa haki mnataka kuongea mambo ya Wachina na Waislamu wa kule. Ongeeni, lakini binti yangu msimtie kwa hayo maneno. Na hebu niambie, hao wanafunzi wa Kichina wanaopiga kelele huko Ulaya, wanatuhusu nini sisi?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilimwambia anipe wiki moja. Jibu langu ndilo hili, na kwa vile najua si yeye peke yake anayeuliza, naliandika hapa ili na wewe ulisome.

Wacha nianze na hao wanafunzi wenyewe, maanake wengi wetu tunawasikia kwa mbali tu.

Tarehe 24 Novemba 2022 jengo la ghorofa lilishika moto mjini Urumqi, makao makuu ya Xinjiang, ile nchi ambayo Waislamu wengi wa Uighur huiita Turkistan Mashariki. Mji ulikuwa umefungwa kwa ajili ya korona kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 10 walikufa, na waliokufa walikuwa Wauighur. Watu wakauliza kama vizuizi vya karantini ndivyo vilivyowazuia kutoka na kuwachelewesha wazima moto. Serikali ikakana. Lakini siku mbili tatu baadaye vijana wakatoka barabarani Shanghai, tena kwenye barabara ambayo kwa bahati inaitwa kwa jina la mji huo huo wa Urumqi. Mkononi walishika karatasi nyeupe isiyo na neno hata moja. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu: tunachotaka kusema mnakijua, na hamturuhusu kukisema.

Karatasi hiyo nyeupe ikavuka bahari. London, Paris, New York, Sydney, Tokyo, wanafunzi wa Kichina wakakusanyika usiku na mishumaa, wengi wao wamefunika nyuso. Na hapa ndipo nataka utulie kidogo. Wengi wa vijana hao si Wauighur na si Waislamu. Ni Wahan, kabila kubwa la China, watoto waliolelewa wakiambiwa kwamba Muislamu wa Xinjiang ni mtu wa kuogopwa. Wakasimama kwenye baridi kuwalilia akina mama wa Kiislamu ambao hawajawahi kuwaona.

Mimi nikisoma habari hiyo nilikumbuka Aprili 2014, wakati wa ile operesheni ya Usalama Watch, ndugu zetu Wasomali walipozolewa Eastleigh kwa maelfu na kufungiwa uwanja wa Kasarani. Ni Wakenya wangapi wasio Waislamu na wasio Wasomali walisimama nje ya uwanja ule? Walikuwepo. Walikuwa wachache, na mtu aliyesimama siku ile hatumsahau. Basi na hawa wa karatasi nyeupe ni watu wa namna hiyo kwa Wauighur.

Wakati huo wanafunzi walikuwa wanajua nini? Walikuwa wanajua kwamba tangu 2017 Waislamu wa Xinjiang wamewekwa kwenye kambi ambazo serikali inaziita vituo vya mafunzo ya kazi. Kamati moja ya Umoja wa Mataifa ilizungumza mwaka 2018 juu ya taarifa za kuaminika kwamba huenda watu milioni moja wamezuiliwa. Tarehe 31 Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikatoa ripoti yake, ikasema mambo yaliyotendeka kule yanaweza kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ripoti hiyo ilikuwa na umri wa miezi mitatu tu moto ulipowaka.

Sasa, serikali ikitaka kumnyamazisha mwanafunzi aliye London, inamfikiaje? Haimfuati na pingu. Inakwenda kwa baba yake.

Shirika la Amnesty International lilitoa ripoti Mei 2024 baada ya kuongea na wanafunzi 32 kutoka China bara na Hong Kong, wanaosoma katika nchi nane za Ulaya na Amerika Kaskazini. Karibu theluthi moja walisema maofisa waliwaendea wazazi wao nyumbani China ili wao wanyamaze. Kijana anahudhuria maandamano, na baada ya muda mfupi simu inatoka nyumbani, ni mama: mwanangu, hapa wamekuja watu, umefanya nini huko? Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Minnesota, Luo Daiqing, aliandika mtandaoni akiwa Marekani, akaweka picha za katuni za kumdhihaki rais wa nchi yake. Aliporudi kwao Wuhan likizo ya 2019 alikamatwa, akafungwa miezi sita. Maneno aliyaandikia Marekani, kifungo akakitumikia China.

Na kuna silaha nyingine ambayo sisi Waislamu wa Kenya tunaijua vizuri kuliko mtu yeyote: karatasi. Muuighur aliye nje ya nchi akienda ubalozini kufanya upya pasipoti, anaambiwa hapa haiwezekani, rudi nyumbani utapewa. Anajua akirudi kinachomsubiri si pasipoti. Basi anakaa na kitabu kilichokufa, viza inaisha, chuo kinamuuliza kibali, hana kazi, hawezi kusafiri kumzika mzazi. Hajafungwa popote, lakini yuko jela.

Mswahili wa Mombasa mwenye asili ya Kiarabu, Mnubi wa Kibera, Msomali wa Garissa, je, kuna anayehitaji kuelezwa hayo? Miaka na miaka kijana wetu wa miaka 18 alikuwa anakwenda kutafuta kipande, anaambiwa alete cheti cha babu, kisha akae mbele ya kamati ya wazee aulizwe kama ni Mkenya kweli. Mwezi Februari 2025 Rais Ruto alisema akiwa Wajir kwamba kuhojiwa huko kumefutwa. Tumeshukuru. Lakini kuna watu walipoteza nafasi za vyuo na kazi wakingoja karatasi hiyo, na hakuna atakayewarudishia miaka yao. Ndiyo nasema, mwanafunzi aliyenyimwa pasipoti ni mtu wetu hata kama hatujui lugha yake.

Lakini kisa ambacho kila Muislamu wa Kenya mwenye mtoto anayesoma nje anapaswa kukijua ni cha Cairo.

Wewe unajua sisi tunavyoiheshimu Azhar. Kijana wa pwani au wa bara akipata nafasi Azhar, mtaa mzima unafurahi. Wauighur vile vile. Walikuwa wanapeleka watoto wao Misri kusoma dini kwa sababu kwao kusoma dini kumekuwa hatari. Mapema 2017 serikali ya China ikaanza kuwaita wanafunzi hao warudi, na kwa wale waliokawia, wazazi wao wakakamatwa kama rehani. Kisha Julai 2017 polisi wa Misri wakaanza msako. Waliwachukua wanafunzi nyumbani kwao, kwenye mikahawa yao, na wengine uwanja wa ndege wakijaribu kukimbilia nchi nyingine. Katika siku chache za mwanzo zaidi ya watu 60 walikuwa wamekamatwa, na kadhaa wakapakiwa kwenye ndege za kwenda China. Waliobahatika walifika Uturuki.

Nchi ya Kiislamu. Mji wa Azhar. Wanafunzi wa elimu ya dini. Wakakabidhiwa. Kosa lao hasa ni lipi mpaka leo sijaelewa, isipokuwa kwamba waliitwa na hawakuitika.

Mzee wangu wa Kathonzweni atasema, hiyo ni Misri. Haya, turudi Kenya.

Kati ya Januari na Februari 2007 ndege tatu zilitoka Nairobi zikiwa na watu zaidi ya 80, wakiwemo wanawake na watoto, zikawapeleka Somalia, na kutoka huko wengi wakaishia jela za Ethiopia. Hakuna jaji aliyewasikiza. Walikuwemo Wakenya, nchi yao wenyewe ikawatoa. Tunajua hesabu hiyo kwa sababu ndugu zetu wa Muslim Human Rights Forum walikwenda mahakamani wakadai wahusika waletwe mbele ya jaji, na orodha za abiria zikatoka. Miaka mitatu baadaye, baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, Wakenya wengine wakavushwa mpaka kupelekwa Uganda bila kufuata sheria. Al-Amin Kimathi, aliyekuwa akiongoza jumuiya hiyo hiyo, alikwenda Kampala kufuatilia kesi zao Septemba 2010. Naye akakamatwa, akakaa ndani mwaka mzima kabla mashtaka kuondolewa. Aliyekwenda kuuliza habari za mahabusu akawa mahabusu.

Na sasa nifike kwenye kitu ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike haya.

Februari 2007 Mohamed Abdulmalik alikamatwa Mombasa. Akatolewa Kenya, akapitishwa Djibouti na Afghanistan, na mwezi uliofuata akawa Guantánamo. Walimhusisha na shambulio la Kikambala la 2002, lakini katika miaka yote hiyo hawakumfungulia mashtaka hata mara moja. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule alikuwa anaelekea kuchukua kitambulisho.

Alipofika kule, unajua nani walikuwemo? Wauighur. Wauighur 22 walipita Guantánamo, watu waliokimbia China wakakamatwa huko Afghanistan na Pakistan, baadhi yao wakauzwa kwa Wamarekani kwa zawadi ya pesa. Wamarekani wenyewe walikuja kukubali kwamba hawakuwa adui zao. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2002, maofisa wa China waliruhusiwa kuingia humo na kuwahoji. Fikiria umekimbia mtu, halafu unafunguliwa mlango wa selo unamkuta ameketi anakungoja. Mwaka 2008 jaji mmoja wa Washington aliamuru waachiwe waingie Marekani. Mahakama ya rufaa ikakataa. Kurudi China haikuwezekana kwa sababu ya mateso, kuingia Marekani hawakutakiwa, basi wakagawanywa Albania, Bermuda, Palau, na watatu wa mwisho wakapelekwa Slovakia Desemba 2013. Wapo walioishi mwisho wa dunia kwenye kisiwa cha bahari ya Pasifiki, mbali na kila mtu anayeijua lugha yao.

Kwa miaka sita, basi, mtu wa Mombasa na watu wa Xinjiang walikuwa wafungwa wa gereza moja, kwa neno moja: gaidi. Neno hilo Nairobi, Beijing na Washington wanalitumia kwa ufundi ule ule. Sisi wenyewe tulionja: Aprili 2015, baada ya msiba wa Garissa, majina ya MUHURI na HAKI Africa yalichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali pamoja na majina ya washukiwa wa ugaidi, akaunti zao za benki zikafungwa, mpaka mahakama ya Mombasa ikawaondoa kwenye orodha mwaka huo huo. Watu waliokuwa wanapeleka mawakili kwa vijana waliokamatwa! Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba vijana wote wa Uighur ni hatari, nauliza swali ambalo mwanaharakati yeyote wa pwani angeuliza. Mahakama gani imesema hivyo?

Kuna kitu kingine lazima tukiri, kwamba Kenya si mtazamaji katika hili. Kenya ni mkono.

Aprili 2016 tulikuwa na kundi la watu kutoka Taiwan waliokuwa wameshtakiwa Nairobi kwa utapeli wa simu. Mahakama yetu ikawaachilia baadhi yao, kesi ikawashinda waendesha mashtaka. Kabla hawajajua waende wapi, serikali ikawapakia kwenye ndege ya China. Kwanza wanane, siku chache baadaye 37. Jumla 45. Waliobaki kwenye selo walikataa kutoka, polisi wakatumia moshi wa machozi. Mwaka uliofuata wengi wao wakahukumiwa Beijing, na baadhi wakapewa hadi miaka 15. Najua utasema hao ni matapeli, wamewaibia wazee wa watu. Huenda. Mimi siwatetei utapeli. Nasema tu, mtu aliyeachiliwa na hakimu wa Kenya hapaswi kukutana na ndege nje ya mlango wa mahakama, awe mwizi wa simu au imamu.

Ungedhani tulijifunza. Oktoba 2024 wakimbizi saba wa Kituruki walikamatwa Nairobi na watu wasiovaa sare. Wanne wakarudishwa Uturuki, na Wizara yetu ya Mambo ya Nje ikasema ilipewa ahadi kwamba watatendewa kwa heshima. Walikuwa wamesajiliwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Mwezi mmoja baadaye, Kizza Besigye na Hajj Obeid Lutale walitoweka Nairobi na kuonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Kenya imetia saini mkataba wa wakimbizi tangu 1966 na mkataba wa kupinga mateso tangu 1997. Yote miwili inakataza kumrudisha mtu mahali atakapoteswa. Sheria tunayo, tena ya kutosha. Tatizo ni usiku, gari lisilo na namba na simu iliyopigwa kutoka ubalozi fulani.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kichina, au wa Uighur, akitua Jomo Kenyatta kesho akiomba hifadhi kwa sababu aliandamana Paris na sasa pasipoti yake imekufa, atasalimika? Nimejiuliza swali hilo wiki nzima. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo.

Najua kuna wanaosoma hapa wakiwa na hasira nami tayari. Mmoja atasema: Maalim, kaa ukijua Bwawa la Thwake linajengwa na nani. Najua. Liko hapa hapa kwetu, mpakani mwa Makueni na Kitui, na kampuni inayolijenga ni China Gezhouba. Tangu 2018 tunangoja maji hayo. Vijana wetu wamepata vibarua, na siku mfereji utakapotoa maji mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni na mtungi wangu. Reli pia imepita Emali na Kibwezi. Lakini angalia hesabu: kwenye Thwake pesa kubwa ni za Benki ya Maendeleo ya Afrika na kodi yako. Kampuni ni mkandarasi, analipwa. Fundi akikujengea nyumba ukamlipa, hajakununua ulimi. Na yule mhandisi wa Kichina anayenunua maembe hapa sokoni, usimnunie, hajafunga mtu kambini. Huenda ana mtoto aliye London ambaye usiku alishika karatasi nyeupe na yeye hajui. Ubaguzi dhidi ya Wachina hatuutaki kwenye ukurasa huu, na tukiona maoni ya namna hiyo tutayafuta. Aprili 2020 Waafrika walipofukuzwa kwenye nyumba zao Guangzhou kwa kisingizio cha korona tulilia tukasema tusihukumiwe kwa rangi. Basi na sisi tusihukumu kwa rangi.

Mwingine atasema: hizi zote ni propaganda za Magharibi, mbona hao hao wananyamazia Gaza? Hilo swali ni halali, na sitalikimbia. Ndiyo, wanafiki. Mwaka 1989 baada ya Tiananmen, Marekani iliwafungulia mlango wanafunzi wa Kichina, na sheria ya 1992 ikawapa makumi ya maelfu ukaazi wa kudumu. Walisifiwa kama mashujaa. Mei 2025 serikali ya nchi hiyo hiyo, kwa mdomo wa Marco Rubio, ikatangaza kwamba itafuta kwa nguvu viza za wanafunzi wa Kichina. Kabla ya hapo, Machi 2025, ndani ya Ramadhani, mwanafunzi wa Kituruki Rumeysa Öztürk alizingirwa barabarani karibu na Boston na maofisa waliofunika nyuso, akiwa njiani kwenda kufuturu. Viza yake ilikuwa imefutwa bila yeye kujua. Alikuwa ameandika pamoja na wenzake makala kwenye gazeti la chuo juu ya Gaza. Makala! Alikaa kizuizini zaidi ya wiki sita.

Sasa hebu weka picha hizo mbili pamoja. Msichana wa Kituruki amefutiwa viza na Washington kwa kuwatetea Wapalestina. Kijana wa Uighur amenyimwa pasipoti na Beijing kwa kuwatetea wazazi wake. Ukimtetea wa kwanza ukamwacha wa pili, au kinyume chake, unachokitetea si haki bali ni timu. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa tunaisoma misikitini kila siku: tunaamriwa kusimama na uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. China haikupewa msamaha humo, wala Marekani, wala Misri.

Tena tukiongea ukweli, aibu kubwa ni yetu. Julai 2019 nchi 37 ziliandika barua Umoja wa Mataifa kuisifu China kwa inayofanya Xinjiang. Humo mlikuwa na Saudi Arabia, Misri, Pakistan, Oman, Sudan, Komoro. Somalia pia ilitia saini. Lakini Oktoba 2022, Baraza la Haki za Binadamu Geneva lilipopiga kura kama ripoti ya Xinjiang ijadiliwe, hoja ilianguka kwa kura 19 dhidi ya 17. Nchi za Kiislamu zikapinga au zikajizuia, moja baada ya nyingine. Iliyosema ndiyo ni Somalia. Nchi maskini, yenye vita, yenye kila sababu ya kuogopa, ilibadilisha msimamo wake ikapiga kura hiyo. Mimi mtu yeyote akiniambia kwamba mdogo hawezi kusema, namtajia kura ya Somalia.

Tunachotaka sisi hapa ni mambo machache. Serikali iseme hadharani kwamba hakuna mgeni atakayekabidhiwa nchi yake bila kufikishwa kwa jaji wa Kenya na bila wakili, ombi liwe limetoka Beijing, Ankara au Kampala. SUPKEM na maimamu wetu, wanaoalikwa ubalozini na kupigwa picha, siku wakialikwa waulize habari za Wauighur, kwa adabu, mbele ya chai hiyo hiyo. Na wewe mwenye mtoto chuoni Nairobi au ng'ambo, mwambie awasalimie wanafunzi wa Kichina walio darasani mwake bila kuwapiga picha. Mtu anayeogopa kupigwa picha ana sababu.

Sasa binti wa mzee wangu.

Mzee, sitamwambia binti yako aende China kuandamana. Aende akasome. Mtu akiwa mgeni nchi ya watu anafuata sheria ya nchi hiyo. Lakini aende macho wazi. Ajue kwamba ndani ya saa 24 tangu afike anatakiwa kujiandikisha polisi mahali anapoishi, na viza ya masomo ya muda mrefu inatakiwa kugeuzwa kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Asikubali kibarua cha kufundisha Kiingereza mpaka awe na ruhusa kwenye karatasi, maana wengi wamenaswa hapo. Kuswali ataswali, lakini mgeni haruhusiwi kuhubiri wala kugawa vitabu vya dini, na mizigoni abebe msahafu wake, si katoni ya misahafu. Anachoandika kwenye WeChat akione kama kadi ya posta, kila anayeipitisha anaweza kuisoma. Namba ya ubalozi wetu Beijing aiandike kwenye daftari, si kwenye simu tu. Na akikutana na mwanafunzi wa Kiislamu wa kule aliyenyamaza ghafla, asimlazimishe kuongea. Amwombee.

Akirudi, na akiwa ameona kitu, kusema au kutosema ni uamuzi wake. Asiamuliwe na sisi, wala na wewe, mzee, kwa heshima zako zote.

Jumamosi hii baada ya Dhuhr tutakaa na wazazi wa wanafunzi wanaosafiri, wa China, Misri, Madina, Uturuki na kwingineko. Wakili wetu atakuwepo. Mzee amesema atamleta binti yake na mama yake pia. Kama una mtoto anayeondoka, njoo naye, na ulete nakala mbili za pasipoti, barua ya chuo, na namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye haizimi usiku.